Fimbo Zilizoachwa Mlangoni

Kipande kile cha reli hakikuwa na sauti nzuri. Kilikuwa kinalia ngaa, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, halafu mtetemo wake unabaki unazunguka kwenye bati la ofisi mpaka meno yanawasha. Kilitoka Korogwe kwenye njia ya treni, kilitokaje hakuna aliyeuliza, na kilining'inia kwa mnyororo kwenye kona ya ofisi ya kijiji chetu cha Kwemkole, upande wa Handeni, na bolti nene ya kukigongea imelazwa juu ya tofali. Mapigo matatu ni kazi ya shamba la pamoja. Mapigo tisa ni mkutano, kila mtu aje, aliyeko jikoni aache chungu. Siku hizi naishi Korogwe mjini, jirani yangu ni fundi wa mageti, na kila akianza kugonga chuma chake asubuhi mkono wangu wa kulia unaanza kuhesabu wenyewe. Nikifika tisa ndipo natulia.

Mwezi uliopita nilirudi Kwemkole kwenye arobaini ya Mzee Mgaza, aliyekuwa Mwenyekiti wetu miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikaa uani na wanawake wenzangu juu ya jamvi, tunachambua mchele, huku mjukuu wake akisoma wasifu kwenye kipaza sauti. Alisoma vizuri, kijana yule, hakuruka maneno. Akafika mahali akasema kwamba wakulima na wafugaji walipotaka kuumizana, marehemu kwa hekima zake aliita mkutano wa pili, na watu wakapatana. Mama mmoja pembeni yangu akaguna, "Kweli, alikuwa na hekima." Mimi nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Mungu amrehemu, nilimpenda mzee yule, na ubishi wake ulinikomaza. Lakini mkutano wa kwanza ndio aliouita yeye. Wa pili hakuuita. Nimelinyamazia jambo hili maisha yangu yote kwa sababu alikuwa hai, na mtu mzima ana haya zake. Sasa wameanza kuliweka kwenye kipaza sauti, basi na mimi nalisema.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijijini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na wala sikulia sana, maana nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Nikichunga mbuzi niliwasomea habari, kwa sauti nzito, kuanzia hali ya hewa mpaka bei ya pamba, na mbuzi walikuwa wasikilizaji wazuri, hawakatizi. Nilidhani kuzungumza na watu ndiyo hivyo: wewe unasema vizuri, wao wanakaa kimya. Jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima, a na e na i kwenye ubao uliopakwa masizi ya betri, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, Mzee Mgaza akaniweka karani wa mikutano. Nilipewa daftari la jalada gumu, kalamu, na kiti. Wanaume wazima walikaa kwenye mabenchi ya miti ya mkonge na mimi nilikuwa na kiti. Kwa wiki nzima nilitembea shingo juu kama bata.

Rafiki yangu mwaka ule alikuwa Nasieku, Mmaasai, aliyeolewa kwenye boma lililokuwa ng'ambo ya lambo letu. Lambo lile la maji ndilo pekee lililobaki na kitu kiangazi kikikaza. Kila baada ya siku mbili alikuja na kibuyu cha maziwa, mimi nampa unga wa mahindi, na kabla ya kupeana lazima atukane unga wangu. "Mwanaidi, hii unga iko na mchanga. Unataka kuvunja mimi meno nishindwe kukusema?" Mimi namwambia maziwa yake yana maji ya lambo, nimeona chura ndani. Yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, ananizidi labda mwaka mmoja, na alicheka kwa mwili mzima mpaka mtoto naye anatikisika. Kiswahili chake alikiokota sokoni, Kimaasai changu nilikiokota kwake: akinisalimu "takwenya" nami naitika "iko," na nikifika bomani nainamisha kichwa mbele ya wazee waniguse utosini, kama watoto wao wanavyofanya. Mkwe wake, baba wa mumewe, aliitwa Mzee Saning'o, ndiye mkubwa wa boma. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Shikamoo yangu alinirudishia "marahaba" kwa uzito kama ameipima.

Kisa chenyewe kilianza kwa mahindi ya Bi Mwantumu. Alikuwa mjane, ana shamba moja, karibu na lambo, na mahindi yamefika kifuani. Asubuhi moja ng'ombe wa boma lile wakapita katikati yake kwenda majini. Nilikwenda kuliona. Mabua yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Bi Mwantumu alikaa kwenye tuta, halii, anaokota mabunzi machanga na kuyaweka kwenye pindo la khanga. Jioni ile vijana walianza kunoa mapanga hadharani, na wazee hawakuwakataza.

Siku ya Jumanne reli ikalia mapigo tisa. Mzee Mgaza alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge huko Ngombezi kabla ya kurudi kulima, na mkutano kwake uliendeshwa kama mahesabio ya asubuhi: unaitwa, unajibu, unakaa. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna silaha ndani. Panga nje, jembe nje, fimbo nje. Akamweka mjumbe mlangoni, na wazee wa Kimaasai sita walipofika, kila mmoja akaambiwa aache fimbo yake pale. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nawaona. Mzee Saning'o aliishika rungu yake nyeusi muda kidogo, akaitazama, kisha akailaza juu ya zile nyingine polepole kama mtu anayelaza mtoto asimwamshe. Wakaingia, wakakaa benchi la mwisho.

"Ng'ombe ni wenu?" Mzee Mgaza akauliza. Kimya.

"Naomba jibu. Ng'ombe ni wenu, ndiyo au hapana?"

Watu wetu nao wakaanza, wote kwa pamoja, huyu Kizigua, huyu Kiswahili, mmoja anasema walipe, mwingine anasema wahame, mwingine anakumbusha mbuzi aliyepotea mwaka juzi. Mzee Saning'o akafungua mikono yake juu ya magoti, akaiangalia, akaifunga. Wenzake wakatazama chini. "Mnaona dharau hiyo?" kijana mmoja akasema. "Mwenye kosa hana neno," akaongeza mwingine. Na mimi, nakubali hapa bila kuficha, mimi pia niliona ni dharau. Nilimkasirikia mzee aliyenigusa utosini. Mwenyekiti akanigeukia: "Karani, andika. Wafugaji walipoulizwa hawakujibu, maana yake wamekiri. Mkutano umeamua wasinyweshe tena lambo la kijiji, na waombewe kuhamishwa." Nikaandika. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Nakala safi nilitakiwa kuipeleka kwake Alhamisi, na Ijumaa basi lingeichukua kwenda kwa wakubwa. Karatasi ile ikifika, boma la Nasieku linavunjwa kiangazini, na kutoka pale maji mengine yalikuwa mwendo wa siku mbili kwa ndama na mtoto mgongoni.

Jumatano sikumngojea, nikaenda mwenyewe. Nilimkuta anafukiza vibuyu kwa kijinga cha moto, nyumba imejaa moshi mtamu, na nje nikasikia wanawake wanazungumza kwa sauti za chini, kama watu wanaopanga kufunga mizigo. Hakutukana unga wangu. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Kwa nini mzee hakusema?" nikamuuliza.

"Angesema na nini?"

"Na mdomo, Nasieku."

"Mdomo," akasema. "Mdomo hata mbuzi iko nayo." Akaweka kibuyu chini. "Mzee hasimami mbele ya watu mikono mitupu. Akisema neno la watu anashika fimbo. Akimaliza, mwingine anashika. Huna fimbo, hujapewa neno. Nyinyi mmenyang'anya yeye mlangoni, halafu mnauliza kwa nini kimya. Wao walirudi hapa wanasema, Wazigua wamechoka na sisi, wametuita tukae tutukanwe, hawataki tuseme."

Nikabaki nimeshika kile kibakuli cha unga. Wale sita walikuja kusema, wakaambiwa wanyamaze. Sisi tulikuja kusikiliza, tukaona tumenyimwa jibu. Na karatasi ilikuwa tayari, kwa mwandiko wangu.

"Walikuwa na neno gani?"

"Njia," Nasieku akasema. "Hiyo shamba ya mama iko juu ya njia ya ng'ombe. Mlipohamia mlipima mashamba, mkapima na njia. Ng'ombe hasomi kisomo. Anapita alipopita mama yake. Mzee alikuwa anataka kusema hiyo, na kutoa mtamba kwa mama, kwa pole." Halafu akanitazama kwa jicho la pembeni, na kicheko kikarudi kidogo. "Na wewe ulikaa kwenye kiti."

Nikamuuliza kama ingekuwa haramu mimi kuigusa fimbo ya mzee. Akafikiri. "Wewe si mke yake, si mtoto yake. Wewe karani. Karani anagusa kila kitu."

Jioni ile nilikwenda kwa Mzee Mgaza. Chumba chake cha mbele nilikipenda kwa ajili ya redio, iliyovalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Alikuwa anakula bada la muhogo na mboga ya mchunga, akanikaribisha, nikanawa, nikala matonge mawili. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, siwezi kumsingizia.

"Mwanangu," akasema, "mimi kwenye mkonge nyapara akiita jina langu nilijibu. Mkononi sikuwa na kitu. Ningengoja nipewe fimbo?"

"Nyapara hakukuuliza ugomvi wako, Mzee. Alikuuliza kama upo."

Mkewe, aliyekuwa mlangoni na bakuli la maji, akakohoa. Mzee Mgaza akaacha kula. "Unajua kwa nini nimekataza fimbo? Niliona mtu kapasuliwa kichwa kwa fimbo ndani ya chumba cha mkutano. Damu ilifika kwenye makaratasi. Nikaapa, nikiwa mkubwa wa mahali popote, fimbo haziingii." Alikuwa anatulinda. Nikasema tu, "Basi uite tena, waseme hata nje uwanjani."

"Mkutano haurudiwi. Mkutano si chapati, unageuza na upande wa pili."

"Mimi sitaandika nakala, Mzee."

"Nitaandika mwenyewe. Mbaya-mbaya, lakini itasomeka." Akasogeza sahani. "Nenda kalale. Shikamoo yako nimeipokea tangu ulipoingia, usinipe nyingine ya hasira."

Watu huniambia kwamba vijana wa zamani walikuwa na adabu, hawajibizani na wakubwa. Nawaambia nilijibizana, na adabu ilikuwepo. Tulikula sahani moja. Najiuliza zaidi juu ya kitu kingine: ni magomvi mangapi ya zama zile yalikuwa hivyo, pande mbili zote zina adabu zao kamili, kila mmoja anamngoja mwenzake kwa taratibu za kwao, na katikati yumo mtu wa kalamu anaandika "wamekataa." Nimekutana nayo tena hospitalini, sokoni, hata kwenye kikao cha posa ya binti yangu. Watu hawasemi lugha tofauti tu. Wanangoja vitu tofauti.

Alhamisi asubuhi reli ililia mapigo tisa, mapema kabisa, na watu wakaja wanafunga vitenge njiani. Mjumbe alidhani Mwenyekiti amegonga mwenyewe. Mwenyekiti alitoka kwake amevaa koti mkono mmoja, akawakuta watu wamejaa, na wazee sita wanavuka kutoka ng'ambo ya lambo, maana hata bomani ilisikika. Mwenyekiti hakuwa mtu wa kukubali kwamba kuna jambo la kijiji chake asilolijua. Akavaa mkono wa pili wa koti, akakaa. "Kama mnavyojua nimewaita," akasema. Fimbo zikaachwa mlangoni kama kawaida. Ndipo nikaweka kalamu juu ya daftari, nikanyanyuka kwenye kiti changu, nikatoka, nikainua ile rungu nyeusi kwa viganja viwili. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Nikapita nayo katikati ya mabenchi, nikainamisha kichwa, nikaiweka juu ya magoti ya Mzee Saning'o.

Kelele ikapanda. "Msichana huyu ana wazimu." "Mtoe." "Karani gani anabeba silaha?" Vijana wawili walisimama. Mzee Mgaza alikuwa amepauka, na najua sasa alikuwa anaona nini, alikuwa anaona ile damu. Akafungua mdomo, lakini aliyesema ni Bi Mwantumu.

"Mwacheni," alisema akiwa amekaa. "Mahindi yaliyoliwa ni ya nani? Kuna mwingine humu kaliwa mahindi? Basi nyamazeni wote. Mimi nataka kusikia."

Mzee Saning'o akasimama. Nikaona mgongo wake ukinyooka. Alianza mbali, alisema alikotoka, afya ya boma, mvua ya mwaka huu na ya mwaka jana, ndama waliozaliwa, na watu wetu wakaanza kujikuna na kutazamana, kwani tulizoea mtu aanze na jambo lenyewe. Lakini hakuna aliyemkatiza, macho ya Bi Mwantumu yaliwazuia. Akafika kwenye njia. Akaichora sakafuni kwa ncha ya rungu, kutoka boma mpaka maji, na mzee mmoja wa kwetu, aliyezaliwa karibu na pale, akasema taratibu, "Ni kweli. Ilipita hapo." Akasema mama huyu amekula hasara bila kosa, na mtamba mmoja yuko nje, amefungwa tangu Jumanne. Tangu Jumanne alikuwa amefungwa, tukapita mbele yake wote tukidhani ni ng'ombe tu. Halafu akaenda mpaka mezani, akailaza rungu mbele ya Mwenyekiti. "Sasa neno ni lako," akasema, akarudi kukaa.

Mzee Mgaza aliitazama ile fimbo. Kisha akaishika, akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akasema polepole, anatafuta maneno, anamtazama anayeambiwa. "Leo Mwenyekiti anaongea kama ameshiba," Bi Mwantumu akanong'ona, na wanawake wakacheka nyuma ya khanga. Njia ikapimwa upya pembeni ya shamba, Bi Mwantumu akapewa mtamba na kipande cha ardhi cha kufidia, vijana wakarudisha mapanga darini. Si kwamba tuligombana mara ya mwisho. Mwaka uliofuata tuligombana tena, na kwa sauti. Ila fimbo ziliingia ndani. Watu wakitawanyika, Mzee Mgaza alinizuia, akakitazama kiganja changu.

"Hiyo kutu umeishika wapi?"

"Sufuria, Mzee."

"Mama yako anapikia sufuria la kutu?" Akaniangalia, halafu akatazama nje, kwenye kona ya ofisi. "Lisugueni," akasema, na hatukulitaja tena mpaka alipokufa.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha na waliosali walikuwa bado ndani. Nilitoka bila viatu, kwa sababu viatu vyangu vya plastiki vilikuwa na kelele. Umande ulikuwa mwingi. Niliufikia ukuta wa ofisi nikasimama pale najiambia rudi, Mwanaidi, wewe ni mtu wa kiti na kalamu tu. Ng'ambo ya lambo palikuwa na moto mmoja unawaka. Nikaokota bolti kwenye tofali, ilikuwa baridi na inabanduka kutu, nikaishika kwa mikono miwili. Pigo la kwanza nililipiga vibaya, likatoa kishindo cha chini, na nikadhani mlango fulani utafunguka. Haukufunguka. La pili likalia vizuri. Nikaendelea, sikukimbiza, nikiacha kila moja limalize kusema ndipo nilipe nafasi linalofuata, mpaka nikafika tisa. Kisha nikairudisha bolti juu ya tofali, upande uleule ilivyokuwa imelala, nikaenda nyumbani, nikakaa kitandani nimevaa tayari, nangoja kuitwa mkutanoni kama watu wengine.